Leonsi wa Mpui na Volti Elfu Kumi na Tano

"Ijulikane kwa watu wote wa Sumbawanga, wenyeji na wageni, wenye viatu na wasio na viatu, ya kwamba Jumamosi hii baada ya adhuhuri, mbele ya duka la Tajiri Saad, Leonsi mwana wa Polikarp wa Mpui, mwanamume wa kwanza katika Ufipa yote kupigwa na volti elfu kumi na tano akainuka na kuomba chai, atashika umeme kwa mikono yake miwili. Waje wote. Wenye moyo mwepesi wakae nyuma."

Hamis mpiga mbiu alilisoma tangazo hilo mara tatu sokoni, akipiga debe tupu la mafuta ya taa kila alipofika kwenye neno volti, kwa sababu hakujua maana yake na alitaka lipate heshima. Mwenye jina lililotangazwa alikuwa hatua kumi kutoka hapo, juu ya magunia ya dagaa wa Kirando, anang'oa mwiba kisiginoni. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikia habari za marehemu wa kijiji cha mbali.

Leonsi alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja ya mwisho alikuwa utingo wa lori la Saad. Utingo ni yule anayepanda gari wa mwisho na kushuka wa kwanza. Kwenye kilima hukimbia nyuma na gogo, aliweke chini ya gurudumu gari lisirudi Mbeya peke yake. Asubuhi huzungusha hendeli mpaka injini ipige chafya. Mababu zake walikuwa wayeyushaji wa chuma, na tanuri zao za udongo bado zilisimama porini upande wa Mpui, ndefu kuliko nyumba. Kisha yakaja majembe ya Ulaya, yaliyoletwa na meli, ya bei ya chini, na ukoo mzima uliokuwa ukiogopwa kwa moto wake ukaanza kulima mahindi na ulezi kama watu wengine.

Moto ule haukufa kabisa. Kwa Leonsi uligeuka ugonjwa wa kuuliza. Katika mafundisho ya komunyo alimwuliza padre maji ya gharika yalikwenda wapi yalipokauka. Alipata kofi, akalihesabu kuwa ni jibu la muda.

Hizo volti elfu kumi na tano alizipata mwezi wa tatu, kwenye kilima kabla ya Mpui. Lori lilikuwa limegoma. Adolfu, dereva, alimwambia ashike waya mmoja wa plagi za injini, "hapo hapo, usiachie," kisha yeye mwenyewe akazungusha hendeli. Leonsi hakuachia kwa sababu hakupewa nafasi. Kitu kilimkamata kiwiko, kikampiga begani, kikamtupa kwenye majani. Alikaa kitako dakika moja, akajipapasa, akakuta vyote vipo, akauliza kama birika bado lina chai.

Yangeishia hapo. Lakini Adolfu alisimulia mjini, na Bashiri fundi, mtu wa Tabora aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia moja ya jeshi na maneno mengi, alisema kwa majivuno kwamba waya ule hubeba volti elfu kumi na tano. Kuanzia siku hiyo Leonsi hakuwa na raha. Watoto walimgusa kwa kijiti na kukimbia. Wazee walikumbushana kwamba babu yake alikuwa na moto, na moto na radi ni ndugu. Huko Ufipa radi haipigi mtu bure, ina aliyeituma. Mtu asiyeuawa nayo basi ana mganga aliyemwendea kabla haijamfikia.

Ndipo Tajiri Saad akaleta jenereta. Ilikuwa mali ya jeshi iliyouzwa baada ya vita, ikaja na lori lake mwenyewe kutoka Mbeya, ikafungwa nyuma ya duka. Jioni ya kwanza taa ziliwaka nne. Kesho yake mteja hakuingia hata mmoja. Habari ilikuwa imezagaa kwamba Mwarabu amefuga radi nyuma ya magunia ya chumvi na anailisha mafuta. Wanawake waliotoka Kaoze na mahindi vichwani walizunguka mtaa mzima wasipite mbele ya mlango wake.

Saad hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tarakimu. Bashiri alimwambia mashine ile inatoa volti mia mbili thelathini, naye hakuuliza zaidi. Alimwita Leonsi, akamkalisha kwenye kiti, jambo ambalo lilimtia utingo wasiwasi kuliko radi yoyote.

"Nimefanya biashara miaka ishirini," Saad alisema, "na sijaona mia mbili thelathini ikiishinda elfu kumi na tano. Shika waya mbele ya watu, waone ni mnyama wa nyumbani. Ukimaliza, nakukabidhi kwa Adolfu akufundishe usukani."

Usukani. Miaka kumi na mmoja Leonsi alikuwa ameutazama kwa nyuma, kupitia kioo kichafu, juu ya magunia. Alijibu ndiyo kabla Saad hajafunga kinywa. Alipofika nyumbani ndipo akatazama mkono wake wa kushoto.

Hapo penye kifundo palikuwa na kovu, pana kama kidole, limezunguka nusu ya mkono. Mwaka uliotangulia alikuwa anafungua betri ya lori, amevaa bangili ya shaba ya baba yake. Spana iligusa kichwa kimoja cha betri, bangili ikagusa cha pili, na vyuma viwili vikakutana. Bangili iliiva nyekundu mkononi kama iko tanurini kwa babu. Aliichomoa ikiwa imeshaondoka na ngozi. Na betri ile, Bashiri alisema siku hiyo akimpaka samli, ni ya volti sita tu.

Sita zilimchoma hadi mnofu. Elfu kumi na tano zilimtupa kwenye majani akaomba chai. Leonsi hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini hata darasa la kwanza lingetosha kuona kwamba hesabu ya Tajiri Saad ina kasoro mahali. Ilikuwa Jumatano. Ilimbakia siku tatu kuijua ni wapi, na shingo iliyokuwa inapimwa ilikuwa yake.

Alhamisi asubuhi alimkuta Bashiri chini ya lori, miguu tu nje.

"Fundi, mia mbili thelathini ni ndogo kuliko elfu kumi na tano?"

"Hata Mfipa anajua hilo," miguu ilijibu.

"Na sita ni ndogo kuliko zote?"

 Bashiri akajivuta nje taratibu, akamtazama usoni, akatazama lile kovu. Alikuwa amesikia mbiu ya Hamis kama watu wote, akacheka kama watu wote. Ilikuwa haijamwingia akilini kwamba mtu atashika kweli.

Alimwuliza Leonsi kama amepata kuyaona maporomoko ya Kalambo. Leonsi alikuwa ameyaona, mwezi wa kumi, mwaka wa kiangazi kikali. Maji yalikuwa uzi. Yalitoka juu kabisa, mahali ambapo mtu akisimama unamwona kama sisimizi, na kabla ya kufika chini upepo uliyafanya ukungu. Mtu aliyapokea usoni kama anabarikiwa.

Bashiri akamwuliza tena, na ule mto ulioondoka na ng'ombe wa Adolfu wakati wa masika, ulitoka juu ya jabali gani? Leonsi akasema haukutoka juu ya jabali lolote. Ulikuwa tambarare, huoni hata unateremkia wapi. Ulikuwa mwingi tu.

"Basi," Bashiri alisema. "Urefu wa kuanguka ndio volti. Maji yenyewe, kiasi kinachopita, ndiyo ampea. Volti husukuma, na kinachoua ni kile kinachopita ndani yako."

Waya wa plagi, alieleza, ni Kalambo ya kiangazi: urefu wa kutisha, maji kikombe kimoja, tena kwa kufumba na kufumbua. Betri ni ule mto wa tambarare: maji tele, lakini hayana mteremko wa kuvuka kizingiti cha ngozi; ila ukiyachimbia mfereji wa shaba, kama ile bangili, yanapita yote na kukuivisha. Jenereta ya Tajiri ina mteremko wa kuvuka kizingiti na ina mto nyuma yake usiokwisha mpaka mafuta yaishe.

Leonsi aliuliza kiasi gani kinatosha kuua. Bashiri alimwonyesha taa ya dukani, ile ndogo. Inakunywa kama robo ya ampea, alisema. Nusu ya kinywaji chake ikipita kifuani, hata pungufu yake, moyo unasahau kazi yake na watu wanakuja na mikeka.

Hapo mtu mwingine angekwenda nyumbani kulia. Leonsi aliuliza, na hicho kizingiti cha ngozi, kina urefu gani?

Fundi alifurahi. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo, hata jeshini. Alitoa betri ya redio yake, boksi zito la volti tisini, akafunga nyaya mbili. Akamwamuru atumie vidole viwili vya mkono mmoja tu, na mkono wa pili autie mfukoni, ili lolote litakalotokea lipite kidoleni na kurudi kidoleni, lisipate sababu ya kutembelea moyo. Leonsi aligusa. Aliona kama sisimizi mmoja anatembea, tena mwenye shughuli zake.

"Tisini hizo?"

"Tisini. Mkono wako mkavu, na una sugu ya hendeli. Mlango umefungwa."

Leonsi alifikiri kidogo, akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa alichopewa na mkewe Kalista asubuhi ile. Ilikuwa dawa ya radi, dawa ya kutangulizia, kutoka kwa mama mkwe Silvana. Alichovya vidole viwili, akagusa nyaya zile zile.

Neno alilosema lilikuwa la Kifipa na halimo katika katekisimu. Vidole vilijikunja, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko, na boksi likaanguka. Walitazamana. Kisha wote wawili wakatazama betri, ambayo haikuwa imeongezewa kitu. Tarakimu ni ile ile tisini. Kilichobadilika ni mlango.

"Mna nini humo?" Bashiri aliuliza.

Mlikuwa na mizizi mitatu isiyotajwa, maji ya baraka kutoka kanisani, maana Silvana aliamini Mungu na radi hawana haja ya kugombana, na chumvi ya Ivuna, konzi tano kwa chungu. Kwa ajili ya Jumamosi alikuwa anapika chungu kizima. Leonsi angeoshwa mikono na miguu. Kisha angesimama bila viatu juu ya ardhi iliyomwagiwa dawa ile ile, ili ardhi imtambue.

Bashiri alikaa kwenye gurudumu. Vitani, alisema, aliona watu wengi waliotafuta kuwaua wenzao kwa umeme, Wajapani kwa Waingereza, na hakuna hata mmoja aliyepanga vizuri kama mama mkwe huyu anayempenda mkwewe. Ndani yetu sote ni chumvi na maji. Ngozi kavu peke yake ndiyo iliyosimama mlangoni. Bibi huyu anaufungua mlango wa mbele, anaufungua wa nyuma, na anatandika mkeka katikati.

"Na nikishika mkavu? Na viatu?"

"Mia mbili thelathini hubomoa hata mlango uliofungwa. Unaweza kupona, unaweza usipone. Mimi nisingeshika."

Jioni Leonsi alimwambia Kalista, kwa upole wote aliokuwa nao, kwamba dawa ya mama haitahitajika. Kalista alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta.

"Mama ameponda mizizi siku tatu, baba Bertilla. Ameiambia jumuiya nzima. Ukiikataa dawa yake mbele za watu, mimi nitalala nyumba ipi?"

Huo ndio ukawa mtego. Asiposhika, usukani umekwenda na kicheko cha mji kimebaki. Akishika bila dawa, amemvunjia mkwe heshima na huenda akafa. Akishika na dawa, heshima imekamilika, na maiti pia. Alikaa mlangoni akiugeuza ule mtego kama anavyogeuza nati isiyofunguka. Alikuwa bado anaugeuza Ijumaa asubuhi alipokuwa kwenye kijia cha kisimani, akamwona mama mkwe Silvana anakuja na mtungi kichwani.

Alifanya jambo ambalo kila mkwe wa Ufipa hufanya. Alitoka kwenye njia, akaingia majanini, akachutama, akapiga makofi mawili ya taratibu, macho chini, mpaka mama mkwe apite. Mama mkwe hapishani na mtu. Mama mkwe hutangulia.

Leonsi alibaki amechutama majanini hata baada ya Silvana kupotea, akicheka peke yake. Kisha akakimbilia gereji kwa Bashiri, bila kiatu kimoja.

Jumamosi palikuwa hapana pa kutema mate. Walikuja wa Mpui, walikuja wa Kaoze, hata wale waliokuwa wanazunguka mtaa wasipite mbele ya duka sasa walisukumana wapate mahali pa mbele. Silvana alikuja na chungu chake, kanga mbili, na rozari. Alimwosha mkwewe mikono kwa kumwagia kupitia kwa Kalista, maana yeye hawezi kumgusa, akamwagia na miguu. Alipogeuka kumwaga ardhini, Leonsi alichutama, akapiga makofi mawili, na huku akimtazama Kalista akasema ili mama asikie.

"Mwambie mama, mimi sijazaliwa niitangulie dawa ya mkwe wangu. Itangulie yenyewe kwenye umeme. Mimi nitafuata nyuma."

Watu waliguna kwa kuridhika. Hilo lilikuwa jambo la adabu, na wazee walisema wazi kwamba vijana wa siku hizi hawana tena malezi hayo. Silvana alinyoosha shingo. Akakikabidhi mbele chungu chote.

Bashiri alikuwa tayari. Chini ya baraza, mahali penye kivuli, alikuwa ametundika taa moja na kuukata waya wake katikati, kila ncha imefungwa kijiko, kila kijiko kimefungwa kwenye kijiti kirefu kikavu. Alimkataza kila mtu asisogee, akawasha jenereta. Nyuma ya duka radi ya Mwarabu ikaanza kukohoa.

Kwanza aliweka vijiko juu ya ngozi kavu ya ng'ombe. Taa haikujua kama kuna mtu. Akavitia kwenye chungu cha maji ya mvua, na ndani ya taa ukaonekana uzi mwekundu, dhaifu, kama kiberiti kinachokata roho. Wa mbele waliuona, wa nyuma waliambiwa. Halafu akavitumbukiza kwenye dawa ya Silvana.

Taa iliwaka mpaka watu wakafunika macho. Dawa ilichemka mapovu kwenye vijiko na kunuka. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja alivua kofia.

Bashiri, kijiti mkononi, aliwaambia kwamba kile kinachopita sasa hivi kwenye chungu kwenda kuiwasha taa ile, kikipita kwenye kifua cha mtu, kitamwua na kubakisha cha kumwua jirani yake. Wachache walimsikia. Hao walirudi nyuma hatua tatu na kuwavuta watoto wao, na habari ikasafiri kwa kuvutana mpaka mstari wa mwisho: usiiguse ukiwa umelowa, bora usiiguse kabisa. Waliobaki hawakuwa na haja ya mafundisho. Walikuwa wameona dawa ya Silvana inaiamrisha radi, nayo inatii. Bibi alikuwa anapokea mikono ya pongezi kama askofu. Mnyama amefugwa, na mfugaji ni mtu wao, Mkatoliki, mama wa Kalista. Mwanamke wa kwanza aliingia dukani kuuliza bei ya chumvi, na wenzake wakamfuata.

Tajiri Saad alitazama mlango wake ukijaa. Alitazama taa. Alimtazama utingo wake aliyesimama barazani anachuruzika, na ikaonekana kwamba katika hesabu zake za miaka ishirini kuna mstari alioupiga wino mpya. Alimsogelea Leonsi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu apande upande wa kulia, Adolfu atakaa kushoto.

Aliyekuwa hajaridhika ni mmoja tu. Hamis alikuwa ametangaza mtu atakayeshika umeme, na mpiga mbiu naye ana jina la kulinda. Alipanda juu ya debe lake, akanyamazisha watu, akanyoosha mkono kuelekea barazani.

"Leonsi mwana wa Polikarp wa Mpui, mjukuu wa wenye moto, mshindi wa volti elfu kumi na tano! Watu wametoka mbali. Mbele ya wote hawa waambie kwa kinywa chako: kwa nini hushiki?"

Nyuma ya duka jenereta ilikohoa. Leonsi alijitazama viganja, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Mikono imelowa," alisema.